Kuomba kwa Sauti ya Chini

Neema mwanangu,

Umetoka kwenda kumuaga Bibi Shee na watu wa nyumbani kwake, na najua hutarudi mapema kwa sababu hawatakuachia uondoke bila kula. Mimi niko kiwandani, nimekaa nyuma ya mtambo wa barafu, pale ninapokaa nikichoka. Siku hizi napakalia sana. Kesho ndege ikikuchukua nitakuwa nimesimama nje ya uzio pamoja na watu wengine, na kwa zile kelele na ile haraka sitaweza kukwambia neno la maana. Ndiyo maana nakuandikia sasa, mchana, mtambo unanguruma na hakuna anayeniita.

Mambo ya sanduku, ya pasi, ya shangazi yako atakayekupokea Nairobi, hayo tumeshayazungumza mpaka umeyachoka. Siyarudii. Nataka kukujibu lile swali.

Jumapili iliyopita, tulipomaliza kula, ulikuwa unaosha vyombo umenipa mgongo. Ukasema huombi tena, na kwamba si jambo la juzi, ni la muda mrefu. Hukusema kwa jeuri. Kisha ukauliza, "Baba, tulimwomba Mungu mama apone, na hakupona. Wewe bado unamwomba nini?"

Mimi nikainuka nikatoka nje. Wewe ukadhani nimekasirika, na tangu siku hiyo umekuwa ukitembea taratibu mbele yangu kama mtu anayepita karibu na mgonjwa. Sikukasirika, mwanangu. Swali lako nimelibeba miaka mingi kabla hujalitamka, na sikutaka kulijibu kwa maneno ya haraka ambayo mimi mwenyewe yalinichosha nilipoambiwa.

Wakati ule ulikuwa mdogo, meno yako ya mbele ndiyo kwanza yameng'oka. Sijui unakumbuka kiasi gani. Nitakusimulia yote, hata yale unayoyajua, ili tuwe na hadithi moja.

Tulikuja Kismayu mimi na mama yako kwa sababu ya huu mtambo. Bandari ilikuwa imeanza tena kufanya kazi, samaki walikuwa wengi na barafu hakuna, na mwenye kiwanda alikuwa akitafuta fundi anayejua mitambo ya baridi. Kule kwetu Tana kazi hiyo haikuwapo. Mama yako alikubali kuja kwa sharti moja, kwamba hatutaacha kusali. Nikamwambia huko hakuna kanisa. Akasema kanisa litakuwa sisi. Na kweli likawa sisi, pamoja na Musa mwashi na vibarua wengine wachache kutoka kwetu. Tulikutana Ijumaa, siku ya mapumziko, ndani ya stoo ya kiwanda. Tuliimba kwa sauti ya chini, na mtambo ulitufunika. Mama yako ndiye aliyeanzisha nyimbo. Wewe ulikuwa unalala juu ya magunia.

Majirani walijua sisi ni Wakristo. Hatukuwaficha na hatukuwatangazia. Walitupa samaki, tukawapa barafu, wakitualika harusi tulikwenda. Waliotutia hofu hawakuwa majirani. Walikuwa wale wenye bunduki, waliokuwa wakisikika huku na kule nje ya mji, na hao waliwatia hofu majirani kama walivyotutia sisi.

Halafu miguu ya mama yako ikaanza kuvimba. Kwanza tulidhani ni joto, na kusimama jikoni kutwa. Kisha uso ukavimba, akawa hawezi kulala chali, anakaa kitandani ameegemea ukuta. Daktari akasema ni figo, na kwamba mashine ya kusafisha damu hapa mjini haipo. Nimpeleke Nairobi, na nimpeleke mapema.

Siku hizo ndege zilikuwa zimesimamishwa. Barabara ya kwenda mpakani ilikuwa ya watu wenye bunduki. Nilikwenda huku, nikaenda kule, nikawapigia simu watu niliowajua na nisiowajua. Na tuliomba, Neema. Nataka ujue tuliomba kweli, hatukuomba kwa mdomo tu. Musa na wenzake walifunga. Mama yako aliomba akiwa amekaa, maana kulala kulimshinda, na aliomba kwa utulivu kama anazungumza na mtu aliyeko chumbani. Mimi niliomba kama mtu anayegonga mlango wa duka lililofungwa huku akiona taa inawaka ndani.

Mwishowe nahodha mmoja, Mbajuni wa kisiwa cha Kudhaa aliyekuwa akija kununua barafu, akasema atatupeleka Lamu kwa boti yake ya mashine, kupitia visiwani. Bahari haikuwa nzuri. Alisema hawezi kuahidi kitu. Tukamkalisha mama yako juu ya godoro katikati ya boti, wewe ukakaa miguuni pake ukishika turubai lisipeperuke.

Tulipokipita kisiwa cha Fuma alikuwa bado anazungumza. Alikuonyesha kile kisiwa akakwambia ukitazame, ukiwa mkubwa utawasimulia watu kwamba ulipita hapo. Baada ya hapo pumzi ikaanza kumwishia. Nilimshika nikahisi kifua chake kinafanya kazi kubwa kwa hewa ndogo. Nahodha alitazama mara moja tu, akageuza usukani kuelekea kwao. Akaniambia, "Bwana Danieli, Lamu huyu hafiki. Tumtie nyumbani apumzike."

Nilitaka kumkatalia. Nilitaka kupiga kelele. Mama yako akanigusa mkono.

Nyumba tuliyoingia ilikuwa ya Bibi Shee, mama yake nahodha. Hapo ndipo tulipomjua. Alitandika kitanda chake mwenyewe, akafungua dirisha la upande wa upepo, akatuma watu wakalete maji baridi. Aliketi na mama yako kama anayemjua. Baadaye alinieleza kwamba vita vilipoanza, yeye na watoto wake walikimbilia Kenya, wakakaa kambini miaka, na waliozoea kuja kumsaidia kuteka maji alipokuwa mgonjwa walikuwa wanawake wa kanisani. Alisema hakuwahi kuwajua majina yao. Hakusema kwamba analipa fadhila. Alisema tu kwamba alikuwa anajua harufu ya mgonjwa aliye mbali na kwao.

Mama yako alifariki hapo, kesho yake, kabla jua halijawa kali. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa jina lako, na kabla ya hapo alikuwa ameniambia nisimlaumu nahodha. Hakuniambia nisimlaumu Mungu. Nimefikiria sana kwa nini hakusema hilo. Nadhani alijua nitamlaumu, na aliona Mungu anaweza kulibeba.

Sasa ikawa tutamzika wapi. Boti haikuweza kumrudisha Kismayu kwa joto lile, wala kumfikisha Lamu. Wazee wakakutana nje ya nyumba. Nilikuwa nimekaa kizingitini nikiwasikia. Kulikuwa na mmoja, Mzee Lali, ndiye anayewasalisha pale msikitini. Hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na wasiwasi na hakuuficha. Alisema wale wenye bunduki walishafika kisiwani zamani na walichofanya kila mtu anakikumbuka. Wakisikia kwamba kuna Mkristo amezikwa Kudhaa, na watu wa Kudhaa ndio waliochimba, itakuwaje. Wengine wakaitikia kwa vichwa, maana alikuwa amesema kweli.

Bibi Shee akatoka, leso mabegani, akasimama mlangoni juu yangu. Hakupandisha sauti.

"Mchu aliyefia nyumbani mwangu ni mchu wangu," alisema kwa Kibajuni chake, mchu yaani mtu. "Mkiogopa, mimi na mwanangu tutachimba."

Mzee Lali akavua kanzu, akabaki na kikoi na fulana, akauliza majembe yako wapi.

Nilikuwepo, Neema, nimeona kwa macho yangu. Yule aliyeogopa zaidi ndiye aliyeingia kaburini kwanza.

Wanawake wakamwosha mama yako. Bibi Shee alinijia akaniuliza watu wetu hufanyaje, asije akakosea. Nikasema sijui. Nilikuwa nimehudhuria mazishi mangapi maishani mwangu, na siku hiyo sikukumbuka hata moja. Akasema basi watamfanyia kama wanavyowafanyia ndugu zao, na nguo yake ile ya kitenge aliyokuwa akiipenda wataiweka juu yake. Nikaomba tuweke msalaba. Mzee Lali akaniambia kwa upole kwamba hilo hapana, kwa ajili ya usalama wa watu wote, na wa kaburi lenyewe. Waliweka jiwe la matumbawe. Lile neno hapana nililishika moyoni kwa muda mrefu, nikawa naona hata alama ya imani yake tumenyimwa. Sasa naelewa. Watu wale walikuwa wameshahatarisha vya kutosha.

Kaburi lilipokuwa tayari, Mzee Lali alinigeukia akasema, "Dua zetu tunazijua. Za kwenu hatuzijui. Msomee mkeo."

Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Mimi niliyekua mtoto wa mzee wa kanisa, niliyeongoza sala stoo kila Ijumaa, nilisimama pale kama mtu aliyesahau lugha. Wanaume walisubiri. Upepo ulikuwa unapuliza mchanga ukirudi shimoni.

Wewe ulikuwa umeshika leso ya Bibi Shee. Ukaanza Sala ya Bwana, ile aliyokufundisha mama yako, kwa sauti ya mtoto anayesoma darasani. Katikati uliruka sehemu, ukagundua, ukarudi nyuma ukaisema upya. Hakuna aliyecheka. Wale wanaume wote, Mzee Lali pamoja nao, waliinamisha vichwa mpaka ulipomaliza.

Tulirudi Kismayu, na Bibi Shee akaja nasi. Alisema anamtembelea binti yake aliyeolewa huku. Matembezi hayo hayajaisha mpaka leo. Yeye ndiye aliyekusuka nywele, aliyekufundisha kupika wali wa nazi, aliyekuwa akija kunigombeza kwamba mtoto hawezi kulishwa biskuti. Unamwita bibi na yeye hukuita mjukuu wake mbele ya watu.

Mimi sikuomba tena. Ndivyo ilivyokuwa, na nataka ulijue hili kutoka kwangu. Wewe hukuligundua kwa sababu kila jioni nilikaa nawe kitandani, nikakuacha wewe useme sala, mimi nikaitikia. Nilikuwa naitikia kwa mdomo. Ndani palikuwa pakavu. Sikuwa nimeacha kuamini kwamba Mungu yupo. Ingekuwa nafuu. Niliamini yupo, na kwamba alikuwa amesikia, na kwamba alikaa kimya.

Akapita mtu mmoja wa Mungu hapa, mgeni, aliyekuja na wafanyakazi wa ujenzi. Aliposikia habari zangu alinishika bega akasema Mungu alimhitaji Salome mke wangu mbinguni. Nilimwuliza, Mungu ana uhaba gani huko hata amchukue mama wa mtoto wangu. Akasema nisikufuru. Nikaondoka. Neema, unakwenda kusomea uuguzi, utakutana na wafiwa kila wiki. Iwe utaamini tena au hutaamini, usimwambie mtu neno kama lile. Mletee maji. Kaa naye.

Musa ndiye aliyekaa nami. Yule mwashi mwenye kigugumizi, unamkumbuka, aliyekuwa akikutengenezea nyumba za wanasesere kwa saruji. Sikwenda tena stoo siku za Ijumaa, basi wenzake wakimaliza kusali yeye alikuwa anakuja hapa, nyuma ya mtambo, anakaa. Hakunihubiria. Wakati mwingine tuliongea habari za mpira, wakati mwingine hatukuongea kabisa. Siku moja nilimwuliza kwa hasira kama Ijumaa zote hizo ananiombea. Akasema ndiyo. Nikamwuliza anaomba nini. Ilimchukua muda kulitoa lile neno.

"Naomba kwa niaba yako," alisema. "Mpaka utakapoweza mwenyewe."

Niliondoka nikilitafuna. Nilikuwa nadhani imani yangu imekufa, kumbe palikuwa na mtu ameibeba, kama unavyombebea mwenzako mzigo mkifika mlimani, bila kumwambia mzigo si wake tena.

Halafu wewe ukaugua. Homa kali, unaweweseka, unamwita mama. Nilikaa kando yako na kitambaa cha maji. Bibi Shee alikuwa upande wa pili na tasbihi yake, midomo inacheza. Nami nilitaka kuomba na niliogopa. Niliogopa kuomba upone, kwa sababu nilishaomba ombi hilo hilo kwa ajili ya mama yako. Nilikuwa nayajua maneno yote, na yote yalikuwa yameshatumika. Basi nikasema neno lililobaki. Nikasema, "Mungu, nimechoka." Nikalirudia. Sikuwa na jingine.

Sitakudanganya kwamba nilisikia sauti, au kwamba joto lilishuka papo hapo. Ulikaa na homa ile siku kadhaa tena. Lakini baada ya kusema vile nililia, kwa mara ya kwanza tangu Kudhaa, na nilipolia sikuhisi kwamba niko peke yangu. Namna ya kulieleza zaidi ya hapo sina. Mtu anajua akiwa peke yake na anajua akiwa hayuko peke yake.

Ulipopona nilishukuru, na papo hapo nikaghadhibika upya. Kwa nini huyu na si yule. Swali hilo sijajibiwa, na nakuandikia nikiwa na mvi. Nimeacha kudai jibu lake kama nilivyokuwa nikidai, lakini sijaacha kuuliza. Naona hata Bwana mwenyewe, pale msalabani, aliuliza kwa nini ameachwa. Nililisikia neno hilo kanisani tangu nikiwa mtoto na sikuwahi kulisikiliza. Siku moja Musa alilisoma stoo, kwa kigugumizi chake, akakwama hapo hapo penye lile swali, akalirudia na kulirudia mpaka likamtoka. Ndipo nilipoelewa kwamba mtu anaweza kumwuliza Mungu hivyo na bado akawa mtoto wake. Ndiyo Ijumaa niliyorudi.

Kwa hiyo uliniuliza, bado namwomba nini. Jibu langu ni dogo, na ndiyo sababu niliona aibu kulisema. Simwombi vitu vingi. Asubuhi naomba niweze kuamka. Nikiamka naomba niwe mwema kwa mtu wa kwanza nitakayekutana naye, maana najijua, nikiamka na uchungu namwaga kwa yeyote. Namwomba akutunze, ingawa nimeona kwamba kutunza kwake hakumzuii mtu kuumia. Na mara nyingi simwombi chochote. Nakaa hapa, mtambo unanguruma, nasema nimechoka, na najua nimesikiwa. Nguvu ninayoipata si ya kuhamisha milima. Ni ya kufika jioni. Lakini jioni nyingi nimezifikia kwa nguvu hiyo, na wewe umekua ndani yake.

Sijui kwa nini Mungu hakumponya mama yako. Ninachojua ni nani walikuwepo. Palikuwa na nahodha aliyegeuza boti, na mwanamke aliyesimama mlangoni, na mzee mwenye hofu aliyevua kanzu. Alikuwepo Musa. Wengi wao wanamwomba Mungu kwa namna nyingine na kwa lugha nyingine, na sitaki kuwatia katika dini yangu kwa nguvu ndani ya barua. Nasema tu kwamba nilipokuwa natafuta Mungu alikuwa wapi, kila nilipoangalia niliwaona wao wanafanya kazi.

Sikuandikii ili urudi kuomba kwa ajili yangu. Ukiomba ili baba afurahi utachoka haraka. Na usijione umelaaniwa kwa kuwa kimya. Mimi nilikaa katika ukimya huo na sikutupwa. Huko unakokwenda kuna makanisa mengi, yana vipaza sauti na kwaya, watu wanaimba bila kuangalia mlango. Siku ukipita mbele ya moja na miguu ikasita, ingia, kaa nyuma. Isiposita, endelea na safari yako. Nami nitafanya kwa ajili yako kile Musa alichonifanyia. Kila Ijumaa, stoo, nitaomba kwa niaba yako mpaka utakapoweza mwenyewe, na kama hutaweza nikiwa hai, nitakuwa nimeacha maneno ya kutosha.

Nami nina ombi kwako. Kuanzia kesho nyumba itakuwa na mtu mmoja, na mimi si mtu hodari kama unavyoniona. Kutakuwa na siku nitakayoshindwa hata kusema nimechoka. Siku hiyo sitaweza kukupigia simu kukwambia. Basi huko uliko, ukiwa unaosha mikono kati ya mgonjwa na mgonjwa, au umepanga foleni ya chakula, likikujia, taja jina langu. Hata kama huna hakika kuna anayesikia. Sema tu Danieli, baba yangu. Usiongeze kitu.

Mimi nitashika hapo.

Baba yako